Nimeibiwa kompyuta yenye hati za wateja wangu. Nianze wapi?

mfasiri_wa_hati

Ndugu zangu, habari za jioni. Naandika kwa simu na mikono bado inatetemeka, kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa mnivumilie.

Jana Alhamisi alasiri nimeibiwa begi kwenye ukumbi wa kusubiri. Nililiweka chini ya kiti, nikasimama kwenda dirishani kuuliza swali moja, nikarudi. Hazikufika dakika tatu. Kiti kipo, begi halipo. Ndani yake mlikuwa na kompyuta yangu ya kazi, chaja, na diski ya nje ninayohifadhia nakala za akiba. Ndiyo, nakala za akiba zilikuwa kwenye begi hilohilo. Simu nilikuwa nayo mkononi, ndiyo iliyosalia.

Mimi ni mfasiri. Kwa miaka 9 nimekuwa nikitafsiri hati za watu: vyeti vya kuzaliwa, pasipoti, hukumu za talaka, ripoti za hospitali, barua za benki. Mtu ananitumia picha ya hati, naitafsiri, namrudishia, na ile picha inabaki kwenye folda niliyoiita Wateja. Sijawahi kufuta hata moja. Nilikuwa najiambia kwamba mteja akipoteza tafsiri yake atanirudia, na kweli wengi wamewahi kunirudia. Jana usiku nilijaribu kuwahesabu kwa kichwa watu waliomo kwenye folda ile. Nilipofika mia mbili nikaacha, sikuweza kuendelea.

Kompyuta ina Windows, toleo la nyumbani. Nywila yake ya kuingilia ni jina la binti yangu na mwaka aliozaliwa. Nywila ya barua pepe ni hiyohiyo, nimeiongezea tu alama ya mshangao mwishoni. Nyingine zote zimehifadhiwa kwenye kivinjari. Barua pepe yenyewe haijaniomba nywila kwenye mashine ile kwa miaka. Nikifungua kivinjari, tayari nimo.

Nimetoa taarifa polisi, nimepewa namba ya kumbukumbu. Chuma chenyewe nimeshakikatia tamaa. Nina maswali matatu. Hiyo nywila ya Windows itamzuia huyo mtu kwa kiasi gani? Nianze kubadilisha nini, maana nikizifikiria akaunti zangu zote kichwa kinazunguka? Na la tatu ndilo linaloninyima usingizi: niwaambie wateja? Kaka yangu ananishauri ninyamaze. Anasema mwizi anatafuta hela ya haraka, ataifuta mashine na kuiuza, na mimi nitakuwa nimejiharibia jina bure.

fundi_wa_diski

Pole sana, dada. Nitajibu mawili ya kwanza. La tatu nawaachia waliowahi kuwa upande wa mteja.

Lakini kabla hujasoma zaidi, fungua barua pepe kwenye simu hiyo uliyoishika, badilisha nywila yake, kisha urudi hapa. Iwe nywila mpya kabisa, isiwe na jina la binti wala mwaka wowote.

Umerudi? Nakueleza sasa kwa nini nimekuanzisha hapo na sikukuanzisha benki. Kila akaunti uliyonayo ina kitufe cha "umesahau nywila", na karibu kila kitufe hicho hupeleka kiungo kwenye barua pepe yako. Aliyeishika barua pepe hana haja ya kuzijua nywila zako nyingine. Atazitengeneza upya mojamoja, na wewe mwenye akaunti ndiye utakayebaki nje.

Hata hivyo nywila mpya peke yake haitoshi. Ingia sehemu ya usalama ya akaunti, utafute orodha ya vifaa vilivyoingia. Utaiona kompyuta yako, pamoja na siku na saa iliyotumika mwisho. Iandike hiyo saa mahali, kisha kiondoe kifaa hicho. Mashine ile haikuombi nywila kwa sababu kivinjari kinatunza kidakuzi, kitu kidogo ambacho seva hukichukulia kama kitambulisho. Anayekionyesha huhesabiwa kuwa ni wewe, na hata kama ungekuwa umewasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila kisha namba ya muda, asingeulizwa chochote, maana hatua zote mbili wewe mwenyewe ulishazipita zamani. Ukiondoa kifaa, kitambulisho hicho hakipokelewi tena.

Ukiwa hapohapo kagua namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti, halafu uende kwenye mipangilio ya kusambaza barua na vichujio. Watu wengi hawajui hata kama vichujio vipo. Niliwahi kumsaidia mama mmoja aliyebadilisha nywila mara nne kwa mwezi na bado mambo yake yakawa yanavuja. Tulipofungua vichujio tukakuta kimoja kinachopeleka nakala ya kila barua yenye neno "malipo" kwenye anwani asiyoijua, kisha kinaitupa ile asilia kwenye takataka. Kilikuwa kimekaa humo tangu kabla ya nywila ya kwanza kubadilishwa.

Ndipo uwashe hatua mbili. Tumia programu inayotoa namba ya tarakimu sita inayobadilika kila baada ya sekunde 30. Inafanya kazi hata simu ikiwa haina mtandao. Ni salama kuliko kutumiwa namba kwa SMS, kwa sababu laini ya simu inaweza kuhamishwa kwa ulaghai, au simu ikiibwa kadi ikachomekwa kwenye simu nyingine. Kwa hili la pili weka PIN kwenye kadi yenyewe: akikosea mara tatu inajifunga mpaka aingize PUK, namba ndefu ya kuifungulia kadi. Kama barua pepe yako ni ya Google, watakupa namba za dharura kumi, kila moja ya tarakimu nane na ya kutumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi. Karatasi ikae nyumbani, isiingie kwenye begi lolote.

Baada ya barua pepe, nenda kwenye akaunti za fedha, kisha mahali popote ulipotumia nywila inayofanana na ile. Zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zihesabu zote kuwa zinajulikana. Usijaribu kuzimaliza leo.

Sasa nywila ya Windows. Sitakuficha. Inalinda mlango wa Windows, diski yenyewe haiigusi. Natengeneza kompyuta mwaka wa 12 huu, na diski isiyosimbwa naweza kuitoa kwa bisibisi, nikaiunganisha kwa kebo kwenye mashine nyingine, na folda zikaonekana jinsi mwenyewe alivyoziacha. Au siitoi kabisa: nachomeka flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, nawashia mashine hapo. Dakika kumi nyingi. Nimeletewa diski za mitumba ambazo wenyewe wanaapa wamezifuta, na ndani mna picha za harusi na majibu ya vipimo vya hospitali. Mtu akiniletea sasa naisafisha bila kufungua folda hata moja, kwa sababu niliyowahi kuyaona yalitosha.

Kinachomzuia mtu kama mimi ni diski kusimbwa, yaani data yote kuandikwa kwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Kwenye Mac kuna FileVault. Kwenye Windows kuna BitLocker, ambayo kwa ukamilifu wake imo kwenye matoleo ya Pro, lakini toleo la nyumbani nalo lina usimbaji wa kifaa, na kwenye mashine nyingi za karibuni hujiwasha lenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Kwa hiyo una jambo moja la kukagua usiku huu. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, uone kama kuna ufunguo wa kurejesha uliohifadhiwa kwa jina la mashine ile. Ni namba ndefu ya tarakimu 48. Ukiukuta, kuna tumaini kwamba diski ilikuwa imesimbwa. Usipoukuta, chukulia kila kilichomo kinasomeka. Ile diski ya nje usijiulize mara mbili: kama hukuisimba kwa mkono wako mwenyewe, iko wazi.

jina_langu_lilitumika

Dada, la tatu nalijibu mimi, kwa sababu nimekuwa yule mteja ambaye hakuambiwa.

Miaka mitatu iliyopita nilimpa mtu nakala ya pasipoti yangu anisaidie kujaza maombi fulani. Alikuwa mtu mwema na hata leo sisemi vinginevyo. Alipoteza flashi yenye nakala za watu kadhaa, akaona haya, akanyamaza. Baada ya miezi minane nikapokea barua ya kudaiwa mkopo ambao sikuuchukua. Nikaandika kukana. Wakanijibu kwa kunitumia ushahidi wao: picha ya pasipoti yangu. Nikaitazama vizuri, na kwenye pembe ya chini kulia nikaona kidole gumba changu. Ni picha niliyoipiga mwenyewe mezani kwangu, na nilikuwa nimeituma kwa mtu mmoja tu.

Ndivyo nilivyojua ilikotoka. Nilipompigia alilia kwenye simu. Lakini kulifuta deni lile kulinichukua miezi 14, barua juu ya barua, kuthibitisha kwamba mimi siye mimi waliyemkopesha. Angeniambia wiki ileile, ningetoa taarifa kwamba nakala imo mikononi mwa watu, ningeomba pasipoti mpya, na ningewaandikia wakopeshaji mapema. Miezi minane ile ilikuwa yangu, niliitumia nikiwa sijui lolote.

Kaka yako anakupenda na anataka kukulinda, ila aliyemo hatarini zaidi siyo wewe. Nywila unaibadilisha kwa dakika moja. Tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, namba ya kitambulisho, hukumu ya talaka, hivyo mtu havibadilishi.

Namna ya kuandika nayo ina uzito, kwa hiyo nakusihi usome hapa taratibu. Mwambie kila mmoja ni hati gani yake iliyokuwemo, kwa jina lake. Usiandike "baadhi ya taarifa huenda ziliathirika", hiyo haimsaidii mtu kuamua chochote. Taja siku begi lilipoibiwa, kwamba umetoa taarifa polisi na namba ya kumbukumbu ni ipi, kwamba diski ilisimbwa au haikusimbwa, na unachomshauri afanye: aulize mamlaka iliyotoa hati, aitaarifu benki yake kama barua ya benki ilikuwemo, ahifadhi barua yako kama ushahidi. Usimwambie asijali. Usiambatishe tena hati yake. Na kwa jina la Mungu mwandikie kila mtu peke yake. Ukiweka anwani mia mbili kwenye mstari mmoja utakuwa umewatangaza wote kwa wote.

Anza na wale ambao ulikuwa na pasipoti na barua ya benki kwa pamoja, hao ndio wepesi kuigizwa.

Uangalie pia sheria ya mahali ulipo. Nchi nyingi sasa zina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na kwa baadhi unyamavu ni kosa. Kwenye Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sheria yao iliyoanza kutumika Mei 2018 inampa mwenye kushika data saa 72 tangu ajue, awe amemjulisha msimamizi wa serikali, isipokuwa kama tukio halielekei kuwaletea watu hatari. Hata mfasiri anayefanya kazi peke yake anahesabiwa.

Orodha ya wateja haijapotea, imo kwenye barua ulizowatumia.

fundi_wa_diski

Hapo kwenye mstari wa mwisho umenigutusha. Dada, kama hati zilikuwa zinakujia kwa barua pepe, basi barua pepe yenyewe ni folda ya Wateja ya pili, na aliyekuwa na mashine angeweza kuisoma bila kufungua diski. Ile saa niliyokuambia uiandike, tuambie ni ngapi.

msomaji_kimya

Huwa sichangii, ila hili lazima niliseme kwa sababu lilimpata mdogo wangu. Siku tano baada ya kuibiwa alipata SMS: kifaa chako kimeonekana, ingia hapa uthibitishe. Alivyokuwa na hamu ya kukipata, akaingia. Ukurasa ulifanana kabisa, juu kuna kufuli, anwani inaanza na https. Akaandika nywila yake, na ndiyo iliyokuwa inatafutwa tangu mwanzo, maana bila hiyo kifaa kilikuwa hakifunguki.

Lile kufuli linasema tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hayasikilizwi njiani. Halisemi uliyenaye upande wa pili ni nani. Cheti cha kufuli kinapatikana bila malipo kwa yeyote, tapeli naye anacho. Soma jina la tovuti kuanzia nyuma: tafuta mkwaju wa kwanza baada ya https://, kisha rudi kushoto. Ukiona microsoft.com.tafuta-kifaa.example, mwenye tovuti ni tafuta-kifaa.example, na hayo maneno ya mbele ameyapachika ili ukutane nayo kwanza.

Wateja nao waonywe. Anayeweza kusoma barua zako za zamani anajua unavyosalimia na unavyodai malipo. Waambie wakipokea maelekezo mapya ya kulipa wakupigie kwanza.

mfasiri_wa_hati

Nimerudi baada ya siku nne. Nawashukuru, hasa wewe wa kidole gumba. Niliposoma ule ujumbe wako niliiweka simu chini nikakaa kimya kwa muda mrefu.

Fundi, saa uliyoniuliza: saa 8 na dakika 14 usiku, kuamkia Ijumaa. Wakati ule mimi nilikuwa macho nikiwahesabu wateja kwa kichwa, na mtu mwingine alikuwa ameifungua mashine yangu. Sikuelewa angewezaje kuijua nywila mpaka nilipokumbuka kifuniko. Kuna kibandiko alichonitengenezea binti yangu alipokuwa mdogo, jina lake kwa rangi za upinde wa mvua. Ilibaki kukisia mwaka tu. Sijamwambia.

Ufunguo wa tarakimu 48 haupo. Nilikuwa naingia kwa akaunti ya mashine yenyewe, sikuwahi kuiunganisha na Microsoft. Kwa hiyo diski ilikuwa wazi. Vichujio sikukuta kitu. Lakini namba ya kurejeshea akaunti ilikuwa ya laini niliyoiacha miaka miwili iliyopita, na sijui sasa anaitumia nani. Nimeiondoa.

Wateja ni 214. Nimewaandikia mmojammoja, siku mbili nzima na sehemu ya usiku, nikifuata ulivyonielekeza. Wengi wamejibu kwa ufupi, asante kwa kutuambia. Mmoja ameniambia nisimtafute tena maishani, na nimeheshimu. Kuna bibi mmoja ambaye hasomi barua pepe vizuri, alinipigia. Hakuuliza habari za benki wala pasipoti. Aliuliza tu kama hukumu yake ya talaka ilikuwemo, maana watoto wake hawajawahi kujua sababu zilizoandikwa mle. Nikamwambia ndiyo, bibi, ilikuwemo. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Basi nimesikia, mwanangu." Sauti ile ninayo bado.

Nina maswali mawili. Nimepeleka anwani yangu ya barua pepe kwenye Have I Been Pwned, tovuti inayoonyesha kama anwani imo kwenye data iliyovuja, ikaniambia imo kwenye data ya LinkedIn iliyovuja mwaka 2012. Pale pana sehemu ya kupima nywila pia. Niliogopa, lakini nikaipima ile ya zamani, na imo. Je, kwa kuiandika pale nimeitangaza? Na kesho naletewa mashine nyingine. Sitaki kuigusa kabla sijajua la kuanza nalo.

fundi_wa_diski

Hujaitangaza. Troy Hunt, raia wa Australia aliyeianzisha tovuti ile Desemba 2013, aliijenga hivi: kivinjari chako kinaigeuza nywila kuwa msururu wa herufi na namba usiorudishika nyuma, kisha kinapeleka herufi tano za mwanzo za msururu huo tu. Tovuti inarudisha misururu yote iliyovuja inayoanza na tano hizo, na kulinganisha kunafanyika kwenye kifaa chako. Ila kumbuka maana ya jibu ulilopata. Ule uvujaji wa LinkedIn ulidhaniwa ni wa nywila milioni 6.5, na mwaka 2016 ndipo zilipojitokeza zaidi ya milioni 100. Watu wabaya huchukua orodha za namna hiyo na kuzijaribu kwenye tovuti nyingine, mashine inajaribu usiku na mchana. Nywila yako ilikuwa nje kabla ya mwizi wa begi.

Mashine mpya: washa usimbaji wa diski kabla hujanakili faili la kwanza. Ufunguo wa kurejesha uandike kwenye karatasi mbili, zikae sehemu mbili tofauti, kwa sababu ukiupoteza na mashine ikauomba, hata mimi sitakufungulia. Kisha acha mfumo ujisasishe. Mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta za watu katika nchi 150 hivi kikidai fidia. Hiyo ilikuwa Mei, na Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha ufa kilioupitia tangu Machi.

Nywila ya kuingilia ifanye ya maneno. Chukua dadu, irushe mara tano, upate namba inayokuelekeza kwenye neno moja katika orodha ya maneno 7,776. Rudia mpaka upate sita. Wewe ni mfasiri, orodha ya Kiswahili unaweza kuitunga mwenyewe. Kinachotoa nguvu ni dadu: ukichagua kwa kichwa utarudi kwenye majina ya unaowapenda. Usihangaike na kuibadilisha kila baada ya miezi mitatu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kupendekeza hivyo mwaka 2017 na ikahimiza urefu. Nyingine zote ziache kwenye programu ya kutunza nywila, Bitwarden au KeePassXC, usizikariri.

Nakala za akiba ziwe mbili mbali na mashine, na moja kati ya hizo iwe jengo jingine kabisa. Diski ya nje isimbwe, na ukimaliza kunakili ichomoe, kwa sababu virusi vya fidia hufunga na diski iliyochomekwa.

Lakini dada, hayo yote hayafiki swali la folda. Hati ambayo huna haiibiwi. Jiulize ni mteja gani aliyewahi kukurudia baada ya mwaka mzima, na kama huyo mmoja anatosha kuwaweka wengine 213 mezani.

mfasiri_wa_hati

Nimejiuliza. Walionirudia wote, kwa ninavyokumbuka, walirudi ndani ya wiki tatu nne. Kwa hiyo nitakaa na hati siku 30, na mteja ataambiwa hivyo tangu mwanzo.

Kwenye mashine mpya hakuna folda ya Wateja. Folda zinaitwa kwa tarehe ya kufutwa, kwa hiyo kila asubuhi nikifungua naona ipi imefika siku yake. Nimesafisha pia barua pepe, viambatisho vya miaka 9, mpaka kwenye takataka. Ilinichukua jioni nzima, na kila nilipofuta nilikuwa naliona jina.

Yule bibi amenipigia leo. Ana hati nyingine ya kutafsiriwa. Nilimuuliza kama ana hakika, akasema mimi ndiye niliyemwambia ukweli, sasa ampelekee nani. Kesho mjukuu wake atakuwa naye, nitamwelekeza kwa simu namna ya kulifunga faili kwa nywila kabla ya kulituma. Nywila yenyewe bibi atanitajia kwa mdomo, mjukuu akiwa ameshatoka chumbani.